Meza ya vigae ya kuchomea nyama nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Wanaouliza ni wenye bustani Nyali na Bamburi, wenye ua wa futi chache Tudor na Mikindani, na wapangaji wasiotaka kujenga kitu wasichoweza kuhama nacho. Meza inayozungumziwa hapa ni ile ya kusimama pembeni mwa jiko la mkaa: mahali pa bakuli la mishkaki, sinia, kisu, ndimu na sufuria iliyotoka motoni. Karibu kila jibu linatokana na jambo moja. Kwa hali ya hewa yetu, meza ya nje haiharibiwi na moto. Inaharibiwa na maji na chumvi, na uharibifu huanzia chini ya vigae, pasipoonekana.

Kwa nini vigae? Simiti iliyosuguliwa vizuri haitoshi?

Inatosha kwa kukalia, kwa kupikia haitoshi. Nyama ya kuchoma huja na mafuta, damu, ukwaju, ndimu na pilipili ya kusaga. Simiti tupu hunywa mafuta na kubaki na madoa meusi, na asidi ya ndimu na ya ukwaju huila polepole hadi uso wake unakuwa na chembechembe za mchanga. Mbao hushika harufu ya kuku mbichi, na kaa moja likiruka linaacha alama. Kigae kizuri hupanguswa kwa kitambaa na kikaisha.

Nibandike vigae juu ya plaiwudi au nimwage zege?

Mwaga zege ukiwa na nafasi ya kumwaga. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa zao, kwa hiyo ni vizuri kuelewa sababu.

Mbao hupumua. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba, mbao iliyo juani hukauka na kusinyaa. Masika yakiingia Aprili na Mei, mbao ile ile hunywa maji na kutanuka. Kigae hakifuati. Kinabaki na upana wake ule ule, na kilicho chini yake kinavuta huku na huku. Kitakachoachia kwanza ni gundi, au grauti, ile inayojaza nafasi kati ya vigae, itapata ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo ukishapatikana maji yanaingia, plaiwudi inavimba, matabaka yake yanaachana, na msimu wa pili unaweza kung'oa kigae kwa vidole. Kwa nje vigae vitaonekana vizima kabisa hadi siku unapogonga kimoja ukasikia sauti ya uwazi.

Zege nalo hutanuka kwa joto, lakini kidogo sana, na maji hayalivimbishi namna hiyo. Mchwa pia hawana haja nalo.

Nimepanga nyumba, siwezi kujenga zege. Nifanye nini?

Chomeleza fremu ya chuma yenye miguu minne, kisha weka juu yake bamba dogo la zege la sentimita 4 lenye wavu wa chuma, lisilozidi sentimita 60 kwa 60. Vigae vibandikwe juu ya bamba. Siku ya kuhama, bamba linanyanyuliwa na watu wawili, fremu inapakiwa kwenye mkokoteni.

Ukilazimika kutumia mbao, tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 18, tabaka mbili, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa rangi au epoksi. Juu yake weka ubao wa simiti wa kubandikia vigae, na gundi iwe ya aina inayonyumbuka. Kisha iweke chini ya paa au uifunike kwa turubai kila ukimaliza. Bodi ya vumbi la mbao, ile ya makabati ya ndani, usiilete nje hata kwa siku moja.

Nianze na vipimo vya meza au vya vigae?

Vigae. Nunua vigae kwanza, vipime kwa futi ya chuma, halafu chora meza. Kigae kinachouzwa kama sentimita 30 huenda kikawa milimita 298, na tofauti hiyo ikijirudia mara nne unapata ukingo ulioharibika.

Chukua vigae vya milimita 300 kamili, vinne kwa urefu na viwili kwa upana, na nafasi ya milimita 3 kati yao. Urefu unakuwa milimita 1,209 na upana 603. Hukati hata kigae kimoja. Kwa mtu asiye na mashine ya kukatia hii ni nafuu kubwa, na meza yenyewe inapendeza kwa sababu mistari yote inafika ukingoni pamoja.

Kimo cha sentimita 85 hadi 90 kinawafaa watu wazima wengi wanaokata wakiwa wamesimama. Ila mpime anayechoma zaidi nyumbani kwenu: viganja vyake vikiwa mezani, viwiko visipande juu wala mgongo usiiname.

Zege la bamba linachanganywaje?

Simiti moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu. Kwa bamba la ile meza ya milimita 1,209 kwa 603, lenye unene wa sentimita 6, ndoo ya lita 12 ndiyo kipimo chako: ndoo moja ya simiti, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Kitabaki kidogo. Mfuko mmoja wa kilo 50 utafanya bamba, utajenga na miguu.

Maji ndiyo yanayoharibu. Fundi mwenye haraka humimina maji mpaka zege liteleze lenyewe kama uji, na kila tone la ziada linaacha tundu likikauka. Zege linatakiwa lishikane, lisogezwe kwa mwiko, na lishindiliwe kwa kugonga fomu, kile kisanduku cha kumwagia zege, kwa nyundo pande zote hadi mapovu yaishe kutoka.

Ndani weka wavu wa chuma au nondo za milimita 8 zilizopishana kila sentimita 15. Ziinue kwa vipande vidogo vya zege ili chini yake pawe na sentimita 2 au zaidi. Nondo iliyolala kwenye fomu haina faida, na kwa hewa ya chumvi itaanza kutu mapema.

Baada ya kumwaga, funika kwa magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Kukauka upesi juani si dalili njema, kwa sababu simiti hupata nguvu kwa kukutana na maji na huhitaji muda. Nguvu yake inayotarajiwa huhesabiwa kwa siku 28. Kwa vigae vya nje ningesubiri siku hizo zote, kwa kuwa zege changa bado linasinyaa, na likisinyaa chini ya kigae gundi ndiyo inayoumia.

Bamba hilo lina uzito wa kilo 100 hivi. Ama ulimwage papo hapo juu ya miguu, ama uwe na watu wanne wa kulinyanyua.

Naishi karibu na ufuo. Naweza kuchota mchanga wa pwani?

Hapana, hata ukiuosha kwa ndoo mbili tatu. Chumvi iliyo kwenye mchanga ule hufika kwenye nondo na kuipa kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani hadi linapasuka. Nyumba nyingi za ufuoni zenye nguzo zilizobanduka na nondo zikichungulia zimepatwa na chumvi ya namna hii, iwe ilitoka kwenye mchanga, kwenye maji ya kisima chenye munyu, au kwenye upepo wa bahari. Nunua mchanga wa mto. Na maji ya kuchanganyia yawe matamu, ya kunyweka.

Meza iwe tambarare kabisa?

Machoni, ndiyo. Kwenye pimamaji, hapana. Ipe mteremko wa milimita 6 hadi 8 kwenye ule upana wa sentimita 60, ukielekea upande asiosimama mpishi. Bakuli halitateleza, lakini mvua itaondoka.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi huliruka nami nalipenda sana. Kabla ya kumwaga zege, pigilia kwenye fomu kipande chembamba cha mbao, kama nusu ya penseli, sentimita 3 ndani kutoka ukingoni, kuzunguka pande zote. Fomu ikitolewa utapata kijifereji chini ya bamba. Maji yanayozunguka ukingo yakifika hapo yanadondoka chini badala ya kutambaa hadi kwenye miguu. Bamba lenyewe lizidi miguu kwa sentimita 5 hivi ili kijifereji kiwe na kazi.

Miguu niijenge kwa nini?

Mawe ya kuchonga ya matumbawe au matofali ya simiti ya inchi 6, kuta mbili fupi, kila moja ikiwa juu ya msingi wake. Kwenye ardhi ya mwamba, kama sehemu nyingi za kisiwani, unasafisha udongo wa juu na kuanzia kwenye mwamba. Kwenye mchanga wa Bamburi au Shanzu chimba zaidi, ushindilie, umwage zege chini kwanza, la sivyo mguu mmoja utazama na vigae vitapasuka kufuata mstari ule.

Jiwe la matumbawe limejenga pwani hii kwa karne nyingi, na Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, bado imesimama juu ya mwamba huo huo. Linadumu, ila linanyonya maji, kwa hiyo lipige plasta au chokaa.

Chuma nacho kinawezekana, mradi kiwe mabomba ya mraba yaliyopakwa zinki. Kumbuka kwamba moto wa kuchomelea unaunguza zinki, hivyo kila kiungo kinabaki uchi. Mwambie fundi asugue viungo na kuvipaka rangi yenye zinki kabla ya rangi ya mwisho. Achomelee mahali pa wazi, moshi wa zinki si wa kuvuta. Skrubu na bolti ziwe za chuma cha pua, na kama bahari iko karibu omba daraja la 316, kwa sababu 304 hupata madoa ya kutu kwenye hewa ya chumvi.

Vigae vipi vinafaa nje?

Posilini. Kigae cha posilini hunyonya maji kwa asilimia 0.5 ya uzito wake au chini ya hapo. Vigae vya ukutani, vile vyepesi vya bafuni vinavyong'aa, vinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10, na mgongo wao ni laini: sufuria ikianguka vinavunjika.

Dukani kuna jaribio rahisi. Geuza kigae, dondosha maji kwenye mgongo wake, uendelee na mazungumzo. Ukirudi baada ya dakika chache, tone likiwa bado limesimama hicho kinafaa. Likiwa limenywewa na kuacha doa jeusi, kirudishe.

Chagua rangi isiyokolea na uso usiong'aa sana. Kigae cheusi juani saa nane mchana wa Februari hakigusiki.

Na mawe ya Mazeras au Galana?

Ni mazuri kwa macho, na kwa njia ya bustani sina pingamizi. Juu ya meza ya nyama nakushauri usiyaweke. Mazeras ni jiwe la mchanga, lina matundu, na mafuta ya mbuzi yakishaingia hayatoki. Marumaru ina tatizo lingine: ndimu na ukwaju huila, na kila tone linaacha duara lisilong'aa. Kama moyo wako uko kwa Mazeras, yatumie kupamba miguu.

Fundi anasema simiti na maji zinatosha kubandika. Ni kweli?

Kwenye kuta za ndani watu wamefanya hivyo miaka mingi. Posilini haishikwi vizuri na simiti tupu, kwa sababu haiwezi kunywa ule uji wa simiti. Tumia gundi ya vigae ya mfuko, iliyoandikwa kuwa ni ya nje na ya posilini.

Namna ya kubandika ina uzito sawa na gundi yenyewe. Kosa baya kuliko yote ni madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati. Chini yake panabaki uwazi, uwazi unajaa maji, na juu pakigongwa panavunjika. Tandaza gundi kwa mwiko wa meno, michirizi yote ielekee upande mmoja, na upake tabaka jembamba kwenye mgongo wa kigae pia. Kisha bonyeza ukikisukuma kukatisha michirizi. Nje, gundi inatakiwa ifunike angalau asilimia 95 ya mgongo. Kibandue kigae cha kwanza ukitazame, ndiyo njia pekee ya kujua.

Ukitaka usalama zaidi, paka zege kizuia maji cha simiti kinachonyumbuka, mikono miwili, kabla ya gundi.

Saa ngapi ni nzuri kwa kazi hiyo?

Alfajiri, au baada ya alasiri, chini ya turubai. Juani gundi hufanya ngozi ndani ya dakika chache. Iguse kwa kidole: isiposhika kidole haitashika kigae, ikwangue uitupe. Usiifufue kwa maji.

Simiti nyeupe kwenye nafasi za vigae, au grauti?

Grauti. Simiti nyeupe hupasuka na kushika rangi ya kila kitu. Ya epoksi ndiyo bora kwa meza ya chakula, kwa kuwa hailiwi na ndimu wala hainywi mafuta, ingawa bei yake ni kubwa na hukauka upesi mkononi, basi changanya kidogo kidogo. Grauti ya kawaida ya simiti inafaa ukiipaka dawa ya kuziba matundu baada ya kukauka kabisa, na kurudia mara kwa mara. Acha saa 24 baada ya kubandika kabla ya kujaza. Meza ikigusa ukuta wa nyumba, ile kona ijazwe silikoni, kwa kuwa ukuta na meza havisogei pamoja.

Naweza kuweka jiko moja kwa moja juu ya vigae?

Sufuria ya moto, ndiyo. Jiko la mkaa ambalo tako lake linagusa kigae, hapana. Kigae hakiogopi joto lililoenea, kwani chenyewe kilichomwa kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000. Kinachokivunja ni sehemu moja kuwa moto mkali huku jirani yake ni baridi. Ndiyo maana pia usimwage maji kuzima mkaa juu ya meza.

Kama jiko lako la mishkaki lina miguu mifupi, weka chini yake matofali ya kuhimili moto na uache hewa ipite, sentimita 10 hivi. Maoni yangu ni kwamba jiko likae pembeni, kwenye msingi wake mwenyewe ulio chini kidogo ya meza. Moto unahitaji kuwa chini kidogo, kisu kinahitaji kuwa juu zaidi, na nafasi ya meza ni ndogo mno kuimaliza kwa jiko.

Meza ielekee wapi?

Fikiria pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Novemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, Aprili hadi Septemba, na kwa kawaida ndiyo yenye nguvu. Zote mbili zina sehemu ya mashariki, kwa hiyo jiko likiwa magharibi mwa nyumba na mwa meza, moshi unaondoka kwenda zake sehemu kubwa ya mwaka. Kisha mtazame jirani wa magharibi: nguo zake ziko kwenye kamba?

Na chini ya banda la makuti?

Usichome chini ya makuti. Makuti makavu yakipata cheche huwaka kwa kasi ambayo ndoo ya maji haiwezi kuifuata, na cheche ya mkaa hupanda na upepo. Weka jiko wazi, mita kadhaa kutoka bandani, na upande ambao upepo unapeleka cheche mbali na paa. Banda ni la kukaa na kulia chakula.

Nichomee nini?

Mkaa mgumu, au vifuu vya nazi, ambavyo hutoa moto mkali na harufu nzuri kwa samaki. Makumbi yanafaa kuwashia. Vipande vilivyobaki vya mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa visiingie motoni kamwe: baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moshi wake unatua kwenye chakula.

Ninaishi ghorofani. Roshani inafaa?

Kwa mkaa, hapana. Kaa linalowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na mlango wa roshani ukiwa wazi inaingia vyumbani walikolala watoto. Uzito wa meza ya zege nao haukuhesabiwa na aliyechora roshani yako.

Mtungi wa gesi unaweza kukaa chini ya meza?

Ndiyo, pande mbili zikiwa wazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, kwa hiyo usiufungie mtungi kwenye kabati lisilo na matundu chini kabisa. Mpira usipite nyuma ya jiko la mkaa.

Nisafisheje?

Maji ya uvuguvugu na sabuni, mara tu baada ya kula. Kwa mafuta yaliyoganda, jivu laini la mkaa na kitambaa chenye maji hufanya kazi nzuri, kisha suuza. Dawa za choo zenye asidi zinakula grauti, ziache chooni. Baada ya kuku mbichi sugua mistari ya grauti kwa brashi ndogo, hapo ndipo uchafu unapojificha. Nyumba iliyo ufuoni ioshe meza kwa maji matamu kila wiki hata kama haijatumika, pamoja na miguu ya chuma.

Kigae kimoja kimepasuka. Nibomoe yote?

Hapana. Kwangua grauti kukizunguka kwanza, pande zote nne, ndipo uvunje kwa patasi kuanzia katikati kuelekea nje. Ukianzia ukingoni utamuumiza jirani yake. Toa gundi ya zamani hadi uone zege. Tazama hapo kabla ya kubandika kipya: zege likiwa kavu na zima, kigae kilivunjwa na kitu kilichoanguka, bandika uendelee. Likiwa na unyevu, ufa ulitangulia, na unatakiwa ufuate maji yalikoingilia, mara nyingi kwenye grauti ya ukingoni, uzibe pale kwanza. Ndiyo sababu ya kununua vigae vitatu au vinne vya ziada siku ile ile ya kwanza na kuviweka stoo, kwa maana mwaka ujao duka lile huenda likawa na rangi iliyokaribiana nayo tu.